Ng'ombe Aliyejificha Ndani ya Baga

Tarehe 5 Agosti 2013, jijini London, mpishi mmoja aliweka baga moja kwenye kikaangio chenye siagi huku kamera za televisheni zikimwangalia. Nyama ile haikutoka kwa ng'ombe aliyechinjwa. Ilikuwa imeoteshwa maabara na timu ya Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kutokana na seli za msuli wa ng'ombe, nyuzi kwa nyuzi, maelfu na maelfu ya nyuzi. Gharama ya kufika kwenye baga ile moja ilitajwa kuwa zaidi ya euro 250,000, na fedha zilitoka kwa Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google. Waonjaji wawili wakaitwa mezani. Wakatafuna taratibu, kama watu wanaojua dunia inawatazama, kisha wakasema kwa adabu kwamba ndiyo, hii ni nyama, ila kuna kitu kimepungua. Mafuta. Walioteshwa msuli mtupu, na msuli mtupu ukikaangwa unakuwa mkavu.

Kilichonivutia mimi katika habari ile ni orodha ya vitu vilivyochanganywa na nyama. Kulikuwa na unga wa yai, chenga za mkate na chumvi, na kwa ajili ya rangi wakaongeza maji ya kiazi chekundu na zafarani. Yai na mkate! Euro robo milioni, na mwisho wa yote wanasayansi wakafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Pwani hufanya nyama ya kusaga inapokataa kushikana. Walikuwa wanatengeneza baga, mikono ikawapeleka kwenye kababu.

Nimeianzia London kwa sababu kosa la baga ile ndilo hilohilo linalotokea Mbagala, Kisauni na Mbeya kila wikiendi. Tofauti ni kwamba huku hakuna kamera, na anayepika hujilaumu mwenyewe.

Chukua mfano wa binti wa shangazi yangu, anayeishi Dar es Salaam. Ni mtu ambaye akipewa sufuria kubwa na kuni anapika biriani ya watu hamsini bila kuonja zaidi ya mara mbili. Mwaka juzi mwanawe alitaka baga siku yake ya kuzaliwa, basi mama akatafuta video ya Mmarekani mmoja kwenye simu, akaifuata. Alikwenda buchani, akaomba kilo mbili za steki, na kwa kuwa ni nyama ya wageni akamwambia muuzaji atoe mafuta yote. Nyama ikasagwa. Akaitia chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogovidogo, tangawizi na kitunguu saumu, akaikanda vizuri kama anayekanda unga wa chapati, akaiweka kwenye friji usiku kucha ili viungo viingie. Kesho yake akatengeneza vipande vinene kama vya kwenye video, akavipanga sita sita kwenye kikaangio.

Vilitoa maji. Badala ya kukaangika vikachemka, vikageuka rangi ya majivu, vikasinyaa pembeni na kuvimba katikati mpaka vikawa mfano wa mipira. Ukibonyeza kwa kidole vinadunda. Watoto walikula mkate, nyanya na chipsi, nyama wakaiacha sahanini. Dada yule aliniambia, kwa sauti ya mzaha lakini macho hayakuwa ya mzaha, "Mimi na mapishi ya Kizungu hatuelewani, mkono wangu hauna baraka kwa vitu hivi."

Mkono wake hauna tatizo. Ila yale maelekezo ya kwenye video yalikuwa yamemficha ng'ombe. Kumtafuta ng'ombe huyo inabidi tupite kwanza Chicago na Wichita.

Ubishi wa nani aligundua baga siuingilii. Kuna miji minne mitano ya Marekani inayogombea heshima hiyo, kila mmoja una mzee wake na hadithi yake ya maonyesho ya kilimo, na ushahidi ni mwembamba kila upande. Kinachojulikana ni kwamba katika karne ya 19 migahawa ya Marekani ilikuwa ikiuza nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa au kusagwa kwa jina la steki ya Hamburg, bandari ya Ujerumani ambayo wahamiaji wengi walipandia meli. Ilikuwa njia ya kuifanya nyama ngumu na ya bei ya chini iliwe na mtu asiye na pesa, au asiye na meno. Wakati fulani mtu akaiweka katikati ya mkate ili mfanyakazi aile akiwa amesimama. Hapo ndipo mgogoro unapoanzia: baga ilizaliwa kama chakula cha vipande vilivyobaki, na steki haikuwamo.

Kisha ikaja hofu. Mwaka 1906 Upton Sinclair alichapisha riwaya yake The Jungle, kuhusu familia ya wahamiaji kutoka Lithuania wanaofanya kazi katika viwanda vya nyama vya Chicago. Yeye alitaka wasomaji waumie kwa ajili ya wafanyakazi. Wasomaji wakaumia kwa ajili ya matumbo yao. Walisoma kuhusu nyama iliyooza inayosagwa pamoja na uchafu wa sakafuni, wakatupa vijiko. Mwezi Juni mwaka huohuo Rais Theodore Roosevelt akatia saini sheria ya ukaguzi wa nyama. Viwanda vikaanza kukaguliwa, lakini nyama ya kusaga ilibaki na jina baya, na kwa sababu ya msingi: steki unaiona, ila kilichosagwa huwezi kujua kimetoka wapi. (Hata leo, mteja mwangalifu wa Kariakoo anataka nyama yake isagwe mbele ya macho yake. Sinclair asingekuwa na la kumfundisha.)

Mtu aliyeigeuza hali hiyo alikuwa mpishi wa mji wa Wichita, jimbo la Kansas, Walter Anderson. Mwaka 1916 alifungua kibanda kidogo cha kuuza baga kwa senti 5. Masimulizi ya mji ule yanasema kwamba Anderson alichoshwa na madonge mazito ya nyama yaliyokuwa yakiiva polepole, akalibonyeza moja kwa mwiko bapa mpaka likawa jembamba juu ya chuma cha moto. Kama tukio hilo lilikuwa moja au siku nyingi za kujaribu, kilichobaki ni njia yenyewe: donge dogo, chuma kizito chenye moto mkali, kubonyeza mapema, na vitunguu juu yake. Mwaka 1921 alishirikiana na Billy Ingram, mtu wa bima na mali zisizohamishika, wakaanzisha White Castle. Vibanda vyao vilipakwa rangi nyeupe, ndani vikang'aa kwa chuma, na nyama ilipikwa mbele ya mteja. Usafi ndio ulikuwa tangazo. Ingram alikwenda mbali zaidi: mwaka 1930 aligharimia jaribio ambalo mwanafunzi mmoja wa udaktari alikula baga za White Castle na maji tu kwa wiki 13. Kijana alitoka salama, na kampuni haikuona sababu ya kukaa kimya.

Nisimame kidogo kwenye lile donge la Anderson, maana huku ndiko anakohusika dada yetu. Vile vipande vya White Castle vilikuwa vidogo na vyembamba kupita kiasi. Ndugu wawili wa familia ya McDonald walipopanga upya mgahawa wao wa San Bernardino, California, mwaka 1948, walipata vipande kumi kutoka kwenye ratili moja ya nyama, yaani kama gramu 45 kila kimoja. Kipande cha aina hiyo kikigusa chuma cha moto kinapata rangi ya kahawia kabla maji hayajapata nafasi ya kutoka na kuleta mchemko. Kile chuma nacho kina unene na uzito, ukiweka nyama baridi juu yake hakipoi. Kikaangio chembamba cha aluminiamu juu ya jiko la gesi la mezani, kikiwekewa vipande sita vinene vilivyotoka kwenye friji, kinapoa papo hapo. Baadaye ni supu tu. Mmarekani wa kwenye video alikuwa na kikaangio cha chuma cha kusubu, kizito kama nanga, wala hakukitaja, kwa sababu kwake hicho ni chombo cha kawaida kilichoachwa na bibi yake.

Chumvi nayo ina habari yake. Ukiitia chumvi nyama iliyosagwa na kuikanda, chumvi inayeyusha protini moja ya msuli iitwayo miosini, nayo inakuwa gundi. Watengeneza soseji wanaitafuta gundi hiyo kwa makusudi. Bila hiyo soseji inachanguka. Kwenye baga inaleta mdundo. J. Kenji López-Alt, mwandishi wa mapishi wa Marekani, alilipima jambo hili kwa kulinganisha nyama iliyotiwa chumvi kabla ya kusagwa, iliyochanganywa na chumvi baada ya kusagwa, na iliyonyunyiziwa kwa juu tu wakati wa kukaanga. Ya mwisho ndiyo iliyokuwa laini. Chumvi ya usiku kucha, ambayo kwa mishkaki ni busara na kwa kuku wa kuchoma ni busara, kwa baga ni kutengeneza soseji bila utumbo.

Lakini hata kama dada angenunua kikaangio cha chuma cha kusubu na kuinyima nyama chumvi mpaka dakika ya mwisho, bado asingepata alichokiona kwenye simu. Zile steki kilo mbili zilikuwa za ng'ombe mwingine.

Mwaka 1927 wizara ya kilimo ya Marekani ilianza kuipanga nyama kwa madaraja, na kipimo kikubwa cha daraja kikawa mafuta yaliyotawanyika ndani ya msuli, zile nyuzi nyeupe zinazoifanya nyama ifanane na marumaru. Mafuta mengi, daraja la juu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mahindi yakawa mengi na ya bei nafuu, mbolea za viwandani zikaongeza mavuno, na katika majimbo kama Kansas, Nebraska na Texas yakakua mazizi makubwa ambayo ng'ombe hukaa miezi yake ya mwisho akilishwa nafaka bila kutembea. Ng'ombe wa namna hiyo ananenepa ndani na nje. Akichinjwa na kukatwa steki zake, yanabaki marundo ya vipande vyenye mafuta mengi ambavyo hakuna atakayevinunua vikiwa peke yake.

Hapo baga ikapata kazi mpya. Yale mafuta yalihitaji msuli mkavu wa kuchanganywa nao ili yaliwe. Msuli ukatoka kwa ng'ombe wazee wa maziwa, na ukatoka nje ya nchi, kwa ng'ombe wa malisho wa Australia na New Zealand. Uagizaji ulikua kiasi kwamba wafugaji wa Marekani walipiga kelele, na mwaka 1964 bunge likapitisha sheria ya kuweka mipaka kwa nyama inayoingia. Kwa kanuni za huko, nyama inayouzwa kwa jina la baga inaweza kuongezewa mafuta ya ng'ombe, mradi jumla isizidi asilimia 30. Asilimia 20 ndiyo kipimo ambacho wapishi wengi wa huko hukitaja kana kwamba kimeandikwa kwenye maumbile ya ng'ombe. Hakikuandikwa popote kwenye ng'ombe. Ni mchanganyiko wa wanyama wawili au zaidi, wa mahindi na wa majani, uliofanywa kiwandani.

Kuna Mwingereza aliyeliona hili mapema, naye alikuwa akiishi kwetu. Norman Myers alifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950 kama ofisa wa utawala wa kikoloni, akabaki miaka mingi akiwa mwalimu, mpiga picha na mtafiti wa mazingira. Mwaka 1981 alichapisha makala iliyoonyesha jinsi misitu ya Amerika ya Kati ilivyokuwa ikifyekwa kwa ajili ya malisho, na nyama ya malisho yale ikipelekwa Marekani kwenda kusagwa. Kwa nini nyama ile ilifaa baga na haikufaa steki? Kwa sababu ilikuwa kavu, ya ng'ombe wanaokula majani, wengi wao wakiwa na damu ya zebu, ng'ombe mwenye nundu. Yaani binamu wa ng'ombe wetu waliingia kwenye baga ya Mmarekani zamani sana. Ila hawakuingia peke yao. Walisindikizwa na mafuta ya ng'ombe wa mahindi.

Zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wa Tanzania ni wa kienyeji, zebu wanaotembea kutafuta majani na maji. Mnyama anayetembea kilomita nyingi wakati wa kiangazi hana nafasi ya kuweka marumaru ndani ya mapaja. Steki yake ina ladha nzuri, na mimi nikiulizwa nitasema ni bora kuliko ile ya mazizini, lakini ina mafuta kidogo sana. Dada alimwambia muuzaji atoe hata yale machache. Alilipa bei ya juu zaidi pale buchani kwa nyama iliyokuwa mbali kuliko zote na ile aliyoihitaji. Fikiria jambo hilo: angeomba nyama ya mchanganyiko, ya bei ya chini, yenye mafuta yake ya kidari, angekaribia zaidi. Heshima aliyotaka kuwapa wageni ndiyo iliyokausha chakula chao.

Asidhani yuko peke yake. Kampuni kubwa kuliko zote za baga duniani ilifeli hapohapo, tena kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari na magazeti ya Marekani walikuwa wameyatangazia mafuta vita. Katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, watafiti chini ya Dale Huffman walitengeneza nyama ya kusaga ambayo mafuta yake yalipunguzwa sana, na mahali pa mafuta wakaweka maji yaliyoshikiliwa na karajinani, utomvu unaotokana na mwani. Mwaka 1991 McDonald's ikaipeleka kwenye matawi yake nchi nzima kwa jina la McLean Deluxe, ikiisifia kwamba asilimia 91 yake haina mafuta. Wataalamu wa lishe wakashangilia. Wateja wakaionja, wakarudi kwenye ile ya zamani. Mwanzoni mwa 1996 iliondolewa kimyakimya, na wacheshi wa televisheni tayari walikuwa wameshaizika.

Habari hii inanigusa kwa sababu ya mwani. Mwaka 1989, miaka miwili kabla ya baga ile, kilimo cha mwani kwa biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wake wengi wakawa wanawake. Maji yakitoka wanaingia baharini na kamba na vijiti, wanafunga vichipukizi, wiki kadhaa baadaye wanavuna, wanaanika, wanapakia kwenye magunia. Aina mbili zilizolimwa zaidi zinaitwa huko spinosum na cottonii, zote zikipelekwa nje kutengenezwa karajinani kwa ajili ya dawa za meno, aiskrimu, maziwa na nyama za viwandani. Kama kuna jani la Paje lililofika kwenye baga ya Ohio, hakuna aliyeliandikia barua. Lakini ni bidhaa hiyohiyo, na ni miaka hiyohiyo. Mwanamke wa Jambiani alisimama kwenye maji ya magoti akifunga mwani, na kazi moja ya mwani ule ilikuwa kumdanganya Mmarekani kwamba nyama kavu ina mafuta. Maji joto ya miaka ya baadaye yameipunguza sana ile cottonii yenye bei nzuri, na bei ya spinosum haijawahi kumfurahisha mkulima. McLean imesahauliwa. Mwani bado unaanikwa.

Turudi jikoni, kuna jambo la hatari ambalo siwezi kuliruka. Rafiki mmoja wa dada, mwenye nia njema, alimshauri wakati mwingine asiivishe sana: aache katikati pabaki pekundu, nyama haitakauka. Video nyingi zinaonyesha hivyo. Mwezi Januari 1993 hospitali za jimbo la Washington, Marekani, zilianza kupokea watoto wenye kuhara damu. Chanzo kilikuwa baga za Jack in the Box zilizokuwa na bakteria wa aina ya E. coli O157:H7. Zaidi ya watu 700 waliugua katika majimbo manne na watoto wanne walifariki. Jimbo la Washington lilikuwa limeshaweka sharti kwamba ndani ya baga joto lifike nyuzi 68 za Selsiasi. Mgahawa uliendelea kutumia kipimo cha nyuzi 60. Nyuzi nane tu hapo katikati.

Sababu ni rahisi ukiifikiria. Bakteria wa namna hii hukaa juu ya nyama, wanakofikishwa na kinyesi wakati wa kuchinja na kuchuna. Kipande kizima cha steki ukikikaanga nje, umewaua. Ukikisaga, kilichokuwa nje sasa kiko ndani, na nyama ya ng'ombe mmoja imechanganyika na ya wengine waliopita kwenye mashine ileile asubuhi hiyo. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba nyama ya kusaga yenye bakteria huyo ni marufuku kuuzwa, na leo inashauri baga iive mpaka nyuzi 71 ndani. Kwa mazingira yetu, ambapo nyama huning'inia buchani na mashine ya kusagia husafishwa jioni ikibahatika, ushauri wa kuacha wekundu katikati ni wa kuukataa bila kumwonea haya aliyeutoa. Na hapa ndipo umuhimu wa mafuta unaonekana: nyama yenye mafuta ikiiva kabisa bado inatafunika. Nyama kavu ikiiva kabisa inakuwa raba. Mwenye nyama kavu anajikuta akichagua kati ya raba na homa.

Wazee wa Pwani walitoka kwenye mtego huo kwa njia nyingine. Tazama kababu jinsi ilivyo. Nyama ya kusaga, mara nyingi kavu. Mkate uliolowekwa, ambao unashika maji yasitoke. Yai la kufunga. Kitunguu, kotimiri, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, kwa wingi, kwa sababu pale hakuna anayetafuta ladha ya nyama peke yake. Kisha inazamishwa kwenye mafuta ya moto: mafuta ambayo ng'ombe hakuja nayo, sufuria inayaleta. Inaiva mpaka ndani, haina haja ya wekundu. Jina lilikuja na bahari, kutoka kwa Waajemi, Waarabu na Wahindi, lakini chakula kilichokaa Mombasa na Unguja kinalingana kabisa na ng'ombe anayetembea. Mishkaki nayo ina papai bichi la kulainisha, kwa mnyama huyohuyo. Nikiwaza zile yai na chenga za mkate za London mwaka 2013, naona maprofesa waliofika mlangoni kwa akina bibi wakiwa hawajui nyumba ni ya nani.

Kwa hiyo mwenye kilo mbili za steki iliyotolewa mafuta yote, tayari imesagwa, na wageni wako njiani, atie mkate na yai apike kababu, aziweke kwenye bansi ya kukatwa katikati na chatine ya ukwaju. Hakuna mtoto atakayelalamika.

Anayetaka baga yenyewe anaweza kuipata bila kuagiza ng'ombe wa Kansas. Zebu wetu ana sehemu moja yenye marumaru, nayo iko juu, kila mtu anaiona: nundu. Ni msuli uliofumwa na mafuta. Wabrazili, ambao mifugo yao mingi ni ya asili ya zebu, wanaiita cupim na kuichoma polepole kwa saa nyingi. Kwao ni nyama ya sherehe. Muuzaji aombwe kidari sehemu mbili na nundu sehemu moja, vipoe vizuri kabla ya kusagwa ili mafuta yasiyeyuke na kupaka mashine, na mashine ioshwe kwanza, hata kama atanuna. Nyama isikandwe, ishikwe tu ikae pamoja. Madonge madogo, chuma kizito kilichokaa motoni mpaka kitoe moshi, mawili kwa wakati mmoja, yabonyezwe mara moja ndani ya nusu dakika ya kwanza na yasiguswe tena mpaka kugeuzwa. Chumvi juu, wakati huohuo. Yakiwa membamba hivyo yanaiva ndani kabla hayajaungua nje, na yale maji yatakayotoka yatakuwa na mafuta ndani yake, yatakaanga badala ya kuchemsha.

Nundu haikai sana buchani. Wanaoijua huipeleka nyumbani mapema, kwa hiyo mtu awahi kabla ya saa mbili asubuhi.